Mapafu ya Seremala

Jumatatu, 3 Machi
Vishikwambi sita, watoto arobaini na wawili! Kila kundi litunge hadithi ya kiungo kimoja cha mwili: wapige picha, warekodi sauti zao, waunganishe. Mwalimu mkuu kachungulia dirishani – eti hii ni sayansi au sinema? Enzi zetu tulinakili mchoro, tukakariri, basi. Ukiuliza swali, unaambiwa uandike.

Jumatano, 5 Machi
Chiriku – binti tunayemwita hivyo maana mdomo wake haujui kupumzika – kundi lake limepata mapafu. Anayesimulia ni vumbi! “Mimi ni vumbi la mbao. Naingia puani bila hodi.” Nilicheka hadi machozi. Kisha picha ya karakana ya baba yake, seremala. Kisha kikohozi. Cha kweli. Alimrekodi baba akipiga randa, bila kumwambia. Kicheko kikaniishia.

Baba huyo nilimfundisha mimi! Mwaka wangu wa pili kazini. Kwa kuchora alinishinda – nilikuwa nampa chaki, nakwenda kukaa nyuma na wenzake. Darasa zima lilinuka sare zilizonyeshewa mvua. Laiti ningeurudia mchana mmoja tu wa wakati ule.

Alhamisi, 6 Machi
Chiriku anasema baba hasikii la mtu. Mama kamwambia aende zahanati mpaka kachoka. “Labda akiambiwa na vumbi, Mwalimu.” Nimemwita baba aje kesho. Sababu sijamtajia. Sijui kama nimefanya vyema.

Ijumaa, 7 Machi
Kaja. Mwanafunzi wangu ana mvi! “Shikamoo, Mwalimu.” Marahaba, mwanangu. Kajikunja kwenye dawati la binti yake, magoti juu. Tukaangalia. Kikohozi chake kilipotoka kwenye kishikwambi, alimgeukia mtoto. Nikajua sasa atafoka. Wala! Akauliza tu: likishafika kule chini, vumbi hutokaje tena?

Chiriku kanirushia mimi swali. Chiriku! Ikabidi niseme – vumbi jingine halitoki.

Nikamwambia zahanati bado iko wazi, nitamsindikiza. Eti ana kabati la mteja, anamalizia leo. Lakini hakuinuka. Nimewaacha, nimekuja ofisini kuchukua mkoba, na badala yake naandika. Ukuta ni mwembamba. Wanairudia hadithi tangu mwanzo – mara ya tatu hii – na sasa nasikia baba anamwuliza mtoto, polepole, hapo nyuma ulisemaje?