Wagika na Wagalu Kwenye Kituo cha Chaji

Dar es Salaam, 2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo Buhongwa mko wazima na mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanipeleka puta.

Kile kituo cha kuchajia pikipiki za umeme hapo jirani yako, anapochaji kaka Maige, ndicho utafiti wangu wa chuo. Pikipiki hazitoi moshi, sawa, lakini bodaboda wote wanachomeka saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi. Transfoma inazidiwa. Tena jioni ndipo mitambo ya gesi inapowashwa kwa wingi kuongeza umeme, kwa hiyo moshi tuliouondoa barabarani unatokea kwingine.

Wakaguzi wa shirika la umeme wamesema hali ikiwa hivi mpaka mwisho wa Mei, kituo kinang'olewa. Utafiti wangu utakufa, na Maige atarudi kwenye petroli. Nimewatumia vijana ujumbe kwamba wachaji mchana, hawanisikii. Wewe wanakuheshimu. Nisaidie.

Mwanao,
Modesta

Buhongwa, 27 Machi 2025

Modesta binti yangu,

Marahaba, mama. Hatujambo. Mgongo upo, unalalamika kuliko mama yako, ambaye anakusalimu.

Hao vijana ujumbe wako wanausoma kwa sauti, wanacheka, wanachomeka. Jioni ndiyo saa ya kijiwe, nani akose umbea? Nikaamua kufanya kama kwenye mbina, ngoma zetu za baada ya mavuno, ambapo vyama viwili hushindana kucheza. Nimewagawa pande mbili, Wagika na Wagalu. Upande utakaochaji sana mchana utakula mbuzi wangu. Maige ameangukia Wagalu. Mimi ni Mgika, kama babu yako, na nimejifanya mwamuzi.

Basi Jumatatu wakafanya kama wanavyoijua mbina: pande zote uwanjani kwa wakati mmoja. Saa nne asubuhi kila mtu kachomeka. Fyuzi za transfoma zikakatika, mashine ya kusaga ikazima na mahindi ya watu ndani. Kina mama wamenisema mpaka nikajifungia. Mafundi wametengeneza, lakini wakaguzi wamekasirika zaidi. Nimekuharibia, mwanangu. Niambie nifanyeje.

Baba yako,
Luhende

Dar es Salaam, 3 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kusemwa. Mama naye hajambo? Nilisoma barua yako nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena.

Hukuharibu. Hizo pande usizivunje, zipe zamu tu. Wagalu wachaji asubuhi, wakisharudi kutoka kupeleka samaki wa Igogo. Wagika wachaji baada ya chakula cha mchana. Atakayechomeka kwenye zamu ya wenzake, au jioni, upande wake unapoteza pointi. Na mwamuzi usiwe wewe, maana kila mtu anajua uko upande gani. Mpe Paskazia mwenye mashine ya kusaga. Yule hana mchezo na umeme wake.

Naogopa, Baba. Tukikosea tena, basi.

Mwanao,
Modesta

Buhongwa, 1 Juni 2025

Modesta mama,

Marahaba. Tuko wazima, na leo zaidi ya wazima.

Wakaguzi walikuja jana Jumamosi, saa moja jioni, bila taarifa. Mtaa mzima unapiga pasi nguo za kanisani. Hapo kituoni hakuna pikipiki hata moja iliyochomekwa. Vijana wamekaa, Paskazia katikati yao amenuna. Mara akatokea Machibya, Mgika mwenzangu, anasukuma pikipiki, betri imekwisha. Akapita mbele ya soketi, anasukuma tu kuelekea kwake. Mkuu wa wakaguzi akamwuliza, "Kijana, mbona huchaji na nafasi ipo?"

"Mzee, niwaaibishe Wagika mbele ya hawa?"

Wagalu wenyewe wakampigia makofi. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaenda kuangalia mita zake, akarudi, akatushika mkono mmoja mmoja. Kituo kinabaki. Anataka vingine Igogo na Butimba, na anataka wewe ndiye uje kuvipangia zamu. Tumeshinda, mwanangu.

Mbuzi tumemchinja leo baada ya ibada. Wamemla Wagalu, kwa pointi moja, na sitaki tulizungumze. Ngoma zikatoka. Unajua kwenye mbina mtu hatajwi kwenye wimbo mpaka awe amefanya jambo. Mimi nimecheza tangu ujana wangu, sijatajwa hata siku moja. Leo wamekutaja wewe, Modesta binti Luhende, na walioimba ni Wagika na Wagalu, wimbo mmoja, kwa sauti moja. Katika maisha yangu yote sijawahi kuliona hilo.

Baba yako,
Luhende