Gari yangu hailii, kwa hivyo hakuna mutu anapanda

Alhamisi, Arua. Joto tangu asubuhi, mawingu inakuja, inaangalia sisi, inarudi. Mvua hakuna. Kichwa yangu iko hivyo pia.

Niko na hasira na leo sitaificha. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari yenyewe, mlango wazi, hapa nyumbani Manibe. Jua bado liko, mama anaanika muhogo, na mimi nimekataa kutoka.

Kwa mtu anayeanza kusoma ukurasa wangu leo: hii gari ni taksi ya mjomba yangu, ya watu kumi na nne, inaenda Arua na Koboko. Injini yake ya dizeli ilikuwa inatoa moshi mpaka madereva wa boda nyuma wanashika pua. Nilimwomba mjomba miezi sita. Nikatoa injini, nikaweka mota ya umeme kutoka kwa mashine ya kuinua mizigo, na betri za gari ya umeme iliyogonga. Hiyo kazi hakuna mutu alinifundisha. Nilisoma kwa simu, video moja naangalia mara ishirini. Nilichoma vidole, nikachoma fyuzi, nikachoma redio ya mama. Bado ananikumbusha.

Na inaenda. Nimeipeleka Koboko na kurudi bila abiria, na chaji ya betri ikabaki.

Lakini mjomba amechoka kungoja. Alisema kama Jumamosi itafika na gari haina karatasi ya kubeba watu, dizeli inarudi. Injini yake iko nyuma ya jikoni, imefunikwa turubai. Kuku moja ameanza kutaga juu yake. Kila nikipita pale naona kama inanicheka.

Sasa, karatasi.

Mkaguzi wa magari ametoka Kampala, yuko hapa mpaka kesho saa sita mchana. Jana nilimpelekea gari. Mzee mpole, viatu safi, hana maneno mengi. Alichukua ile mpira yake ndefu ya kupima moshi, akaenda nyuma ya gari, akainama. Akazunguka upande wa pili. Akainama tena.

"Niweke wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia gari haina ekzosi, ile bomba ya moshi, kwa sababu haina moshi. Akaonyesha fomu. Iko na mstari wa moshi, na mstari ukibaki wazi gari imeanguka ukaguzi. Sufuri hawezi kuandika, kwa sababu sufuri lazima ipimwe. Nilitaka kulia. Gari chafu inaweza kupita kama uchafu wake ni kidogo. Gari safi haina hata mahali pa kuanguka vizuri.

Nitasema ukweli, alinisaidia. Alisema sheria ya hizi gari za kubadilishwa bado haijafika vizuri mpaka kwa fomu yake, lakini yeye anaweza kuandika maelezo kwa mkono. Alikagua nyaya, akakagua boksi ya betri, akanipa karatasi ya majaribio ya safari moja. Gari ijae abiria pale steji, kituo cha taksi, yeye akae mbele, twende Koboko, aone breki na joto ya nyaya ikiwa na uzito wa watu kweli. Ikienda vizuri, anapiga muhuri.

Watu kumi na tatu na yeye. Hiyo tu.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa steji. Mwenyekiti wa steji alinipa nafasi ya mbele kwa layini, kwa heshima ya mjomba. Mkaguzi aliniambia nikijaa nimpigie simu.

Kama hujawahi kupanda gari kwetu, ujue kitu moja. Abiria wetu hawapandi gari, wanapanda injini. Gari inayotoka lazima iwake na ingurume. Dereva anakanyaga mafuta, anasogea mbele hatua mbili, anarudi nyuma, anasogea tena. Inaweza kufanya hivyo saa nzima. Kila mutu anajua ni uongo, na kila mutu anakimbia. Gari iliyonyamaza ni gari iliyolala, na nani anataka kukaa ndani ya gari iliyolala?

Mota yangu hailii. Nikakaa, nimewasha kila kitu, tayari kabisa, kimya kama kaburi.

Watu wakanipita. Mmoja aliweka kichwa ndani, akasikiliza, akaenda kwa gari ya nyuma iliyokuwa inatetemeka mpaka vioo. Nikasogea mbele hatua mbili. Abiria wawili wakacheka, walifikiri kuna mutu anasukuma.

"Injinia," mwenyekiti akaniita, na vijana wote wakageuka. "Hii gari imekufa ama inaomba Mungu?"

Saa mbili. Saa tatu. Ndani kulikuwa na mutu moja, na huyo alikuwa anajificha jua.

Hapa ndipo nilifanya ujinga.

Kando ya steji kuna kinyozi, na kinyozi iko na jenereta ndogo ya petroli. Nikaiazima. Nikaisukuma chini ya kiti cha nyuma, nikaifunga na mpira, nikavuta kamba.

Ikalia. Wacha ilie.

Dakika ishirini gari ikajaa. Naapa. Wale wale walionipita wakarudi wakisukumana. Mama Keji, yule anauza samaki kavu Koboko, alipanda na gunia na mjukuu yake, akakaa kiti ya nyuma kabisa, juu ya jenereta yenyewe, akasema sasa gari imeamka. Na mimi nilifurahi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Nilisimama pale mlangoni natabasamu, nikampigia mkaguzi simu, nikamwambia njoo, imejaa.

Yeye akakawia kidogo. Madirisha ya nyuma ya hii gari hayafunguki, ni ugonjwa wake wa zamani. Mkaguzi alipofika alinikuta mbele, natengeneza kiti chake. Hakukaa. Aliangalia nyuma, moja kwa moja, kwa mjukuu wa Mama Keji. Mtoto alikuwa anakohoa, macho mekundu, amefunika uso na kitenge ya bibi yake.

Mkaguzi akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akazima jenereta na mkono yake. Kimya ikarudi.

"Jana nilikosa mahali pa kupima moshi," akasema. "Leo naweza kupima kwa kifua ya huyu mtoto."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Akateremsha watu wote. Injini ya petroli inawaka ndani, pamoja na abiria na betri, hiyo haihitaji fomu mpya, alisema, hiyo imekatazwa kwa sheria tangu zamani. Na mimi miezi yote hii naandika hapa kwamba sheria zao ni za watu wasiojua gari. Mnakumbuka, mlinipigia makofi. Leo sheria ilimlinda mtoto, na gari ilikuwa yangu.

Abiria wakaenda kwa gari ya nyuma. Mkaguzi alisema nitoe hiyo kitu, nifungue madirisha ya nyuma yafanye kazi, na kama kesho saa tatu gari imejaa bila ujanja, atapanda. Saa sita anarudi Kampala. Jumamosi mjomba anakuja na spana.

Nilibaki na Mama Keji. Mtoto alikuwa anakunywa maji. Nikamwomba samahani, akaangalia mimi, akaangalia gari.

"Binti yangu, kabla ya ile kitu kuanza kulia, gari yako ilikuwa tayari kwenda?"

Nikasema ndiyo, Mama, tangu saa kumi na mbili.

"Basi si ungesema?"

Si ningesema.

Nimeandika barua kwa wizara. Nimeandika hapa mara ngapi, betri, mota, sheria, watu wa mbali wanasoma. Na pale steji nilikaa saa tatu nzima nyuma ya usukani, nimevimba, nangoja watu waelewe gari ambayo sikuwaambia chochote. Hata neno moja. Niliona haya kuita abiria kama kondakta. Mimi ni injinia, si ndiyo?

Madirisha mawili nimefungua, ya tatu bado inakataa. Jenereta imerudi kwa kinyozi. Mama Keji amesema atakuja asubuhi, lakini mtoto atamwacha kwa dada yake kwanza, mpaka aone.

Ana haki.

Kesho saa kumi na mbili sitakaa kwa usukani. Nitasimama mlangoni, na hii gari italia na mdomo wangu.