Panga Shingoni mwa Fahali wa Baba

Mama mpendwa,

Natumaini magoti yamepata nafuu na baridi ya Othaya haikusumbui sana. Mwangi je, ameanza kushika kikombe kwa ule mkono? Mimi mwili ni mzima, lakini nimejaa hasira, na nakuandikia haraka kwa sababu hapo nyumbani hamko salama.

Unajua kazi yangu hapa London ni kubeba picha kwenye nyumba ya mnada na kuziinua mbele ya wanunuzi. Siku hizi matajiri wamechoka na picha za maua na farasi. Wanataka mabango ya kuchorwa kwa mkono kutoka kwetu, ya vinyozi na ya bucha, na lililoumia ndilo wanaloligombania. Kutu, tundu la risasi, wanasema vinalipatia bango uhai.

Juzi nilifungua sanduku nikakutana na fahali aliyechorwa na baba, lile bango la bati la bucha ya Mwangi. Nilimjua kwa sikio lililochanika, maana baba aliwachora wote na sikio la ng'ombe wetu. Shingoni palikuwa na mkato wa panga, na chini yake doa la kahawia. Nikakumbuka Mwangi alivyoniambia kwa simu, "Niliwaambia hiyo bati ni ya mzee, haiendi mahali. Nikaishika. Huyo wa panga hata hakuongea, alikata tu." Panga lilipita kwenye vidole vyake likazama kwenye bati. Damu hawakuiosha, Mama. Waliihifadhi.

Nililiinua bati. Dalali akausifu ule mkato, mikono ikaanza kupanda. Nikashindwa kunyamaza, nikasema kwa sauti, "Hiyo ni damu ya ndugu yangu. Walimkata vidole wakiiba bati hili." Mikono ikashuka. Nilidhani wataona haya. Dalali akasema, "Mmesikia wenyewe, historia yake ni ya kweli," na mikono ikapanda tena, wakashindana mpaka bei ikapita ya picha zote za siku ile. Hakuna aliyeuliza kama Mwangi yuko hai.

Aliyelileta kuuza ni mtu wa kwetu, mwenye koti zuri. Alinifuata nje akicheka. "Umenisaidia sana, kijana. Kwa mama yako kuko na ingine?" Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akaanguka, nikaendelea kumpiga pale chini mpaka wakanivuta. Nimefukuzwa kazi na sijutii. Kinachoniumiza ni kwamba alipokuwa akitema damu alitabasamu. Kama kusingekuwa na nyingine, ningesema tu hakuna. Ngumi yangu ndiyo iliyomjibu.

Anajua njia ya kuja kwetu, na wale watu wake watakuja na panga lile lile. Sasa wamejua damu inauza.

Msalimie Wangari, mke wa Mwangi, na umwambie asimwache peke yake. Msalimie pia shangazi wa Sagana. Mwambie Mwangi safari hii asishike kitu.

Ukimaliza kusoma, Mama, chukueni rangi nyeusi iliyobaki ya geti mpake yule mbuzi aliyechorwa na baba kwenye mlango wa banda la kuku, mpaka asionekane. Mpakeni pembe, macho, na jina la baba pale chini. Najua hatuna kingine cha mkono wake. Mpakeni.

Mwanao,
Maina