Nilibonyeza Ndiyo Bila Kusoma

Uko wapi? Pokea simu basi.

Haya, soma. Nimezima ramani ya kuongozea ambulensi hapa kituoni. Mimi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Si uliniambia, "Kwenye Linux chagua kisakinishi kimoja cha programu, usichanganye"? Nilichanganya. Kile kilichokuja na mfumo nilikiona kimepitwa na wakati, nikaweka kipya, ramani nikaisakinisha kwa hicho kipya.

Leo nikasema nisafishe mabaki. Kile cha zamani kikaniuliza: vipande hivi vya programu havitumiki tena, nivifute? Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma! Kumbe ramani ilikuwa bado inavitegemea.

Skrini zote giza.

Na dada wa simu, yule anayepokea za dharura, yuko hewani na kaka mmoja, mama yake kabanwa kifua. Namsikia: "Rudia kaka, mkipita duka la rangi mnakata wapi?" Rudia kaka. Rudia kaka. Haitoki masikioni.

Dereva akaingia mtaa mwingine kabisa. Walipofika, mama wa watu ameshakata roho.

Nilitegemea dada wa simu anitukane. Wapi! Kaniuliza tu, "Ramani imerudi?" Nikasema imerudi.

"Haya. Yule kaka anauliza mbona tulichelewa. Nimemwambia fundi wetu atampigia amweleze."

Akanipa namba, akageuka kupokea simu nyingine.

Nimejifungia stoo. Nikapiga, ikaita, nikakata. Niseme nini? Kwamba nilikuwa nafanya usafi?

Ngoja. Anapiga yeye.