Kadi Zako za Langoni

Tabitha, mdogo wangu,

Mguu wangu wa kulia unauma kutoka gotini hadi kisiginoni, na kosa ni lako. Jana nilikwenda kwenye yale mawe yako ya kukwea kwa kamba. Ndiyo, mimi Josphat, niliyeapa mbele ya kikundi chote cha maombi cha huku ughaibuni, Blacktown, kwamba pale sikanyagi hata kwa kuburutwa. Nimekanyaga. Nimepanda hata kupanda, ingawa ukiuliza urefu nitabadilisha mazungumzo.

Neema wako hajambo. Amehamia kwetu tangu ulipotuacha, amechukua chumba cha mbele, na wifi yako Grace anasema sasa nyumba ina mtu mwenye akili. Nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza, hilo hatukufaulu wewe wala mimi. Lakini wiki mbili zilizopita alinikuta jikoni nikisonga ugali, akasimama wima kama mtoto anayekariri shairi, akasema, "Mjomba, nipeleke kwa mawe ya Mama."

Hajafika miaka kumi na minane, kwa hiyo haruhusiwi kupanda bila mtu mzima wa kumtilia sahihi na kukaa naye. Nikafoka. Unanijua. Nilifoka mpaka ugali ukashika sufuria, naye akanisubiri tu, mikono nyuma. Nilipomaliza akaniuliza kama ni Jumamosi hii au ijayo.

Hakujua kilichokuwa kinanitisha. Niliogopa kwenda mahali ulipopapenda kuliko kote nikakukuta bado umenikasirikia.

Nakumbuka kila neno, dada. Ulipovunjika kifundo cha mguu kule, watu wakaja kukuombea, mimi nikasema mbele yao, "Hata nyani huzeeka akashuka mtini." Wakacheka. Nami kwa kuona nimechekesha, jioni ile ile nikampigia Mama simu nyumbani, kabla plasta yako haijakauka. Mama akafunga siku tatu bila kula. Akakupigia akilia, akikusihi uape kwamba huendi tena. Kesho yake ukaja mlangoni kwangu na magongo, ukakataa kiti, ukasema, "Umenishtaki kwa Mama kama mtoto. Usinipigie tena." Nami, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, nikasema sawa.

Miezi kumi na sita. Watu wa kikundi walifanya kama methali isemavyo, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakatuachia wenyewe. Mara mbili nilikuona stesheni ya Blacktown, wewe upande ule wa reli na mimi upande huu. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vile havina kamba.

Kisha ile damu ikaganda kichwani ukiwa kazini kwenye makao ya wazee, unawalisha wazee wako. Nilipofika hospitali ulikuwa hunisikii tena. Nilikuomba msamaha mbele ya mashine, zikaendelea na mlio wao. Tulikusafirisha nyumbani, umelala karibu na Baba, watu wakanipa pole ya kufiwa. Pole ya lile lingine hakuna aliyejua kunipa, maana sikumwambia mtu, hata Grace. Tangu hapo nimekuwa nikiongoza maombi kwa mdomo tu.

Basi jana tukaenda. Mwendo wa saa mbili, tukavuka milima, Neema akinielekeza. Mimi miaka yote nilidhani ni klabu ya matajiri. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa maneno ya kuwaambia. Kumbe ni shamba la ng'ombe la bibi mmoja mjane, Wendy, mwenye kilima cha mawe ya manjano nyuma ya nyumba yake, na mikaratusi kama ile ya kule kwetu shuleni. Shamba ni lake, hati ni zake, na yeyote anaingia kupanda. Anachotaka ni ufunge lango na ujaze kadi. Kwetu jiwe kama lile tungeshalipasua kokoto zamani.

Ile kadi unaijua vizuri kuliko mimi, lakini niache nieleze, maana ndiyo habari yenyewe. Ni ya manjano, unaandika jina lako, saa uliyoingia, na mtu wa kupigiwa simu ukichelewa kurudi. Unaitundika kwenye msumari barazani kwa Wendy. Ukiondoka unamkabidhi, anaitia kwenye kopo la biskuti. Jua likitua na kadi ipo msumarini, anapiga simu.

Nikajaza yangu, nikampa aitundike. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaniuliza kama mimi ni yule Josphat wa Tabitha, na mbona Tabitha hajaonekana muda mrefu namna hii.

Hakuwa na habari. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mimi mzee wa kanisa, mtu wa kuhubiri misibani, nilimwachia Neema amwambie. Yule bibi akaketi kwenye ngazi zake. Halafu akaingia ndani, akarudi na kopo, akaanza kuchagua kadi zako na kuzipanga mezani moja moja, polepole.

Nikatazama tarehe. Kumi na moja zilikuwa za baada ya siku ile uliyokataa kiti changu. Kumi na moja, Tabitha. Na kwenye kila moja, pale pa mtu wa kupigiwa, ni mimi. Josphat, kaka, na nambari yangu, ile niliyokuwa nataka kuibadilisha nihamie kampuni ya bei nafuu. Ya mwisho uliijaza wiki tatu kabla hujaanguka. Muda wote ule ninafunga kamba za viatu visivyo na kamba, wewe ulikuwa umemwambia mtu baki kwamba likikupata jambo mimi ndiye wa kuitwa.

Chini kabisa kuna mstari unaouliza kama kuna jambo shamba linapaswa kujua. Wenzako wameandika pumu, wameandika nyuki. Wewe, kwenye ile ya kwanza baada ya ugomvi, uliandika kwa Kiingereza, lakini ni wewe mtupu: "Atafoka kwanza. Mwache amalize. Atakuja." Na kwenye zile kumi zilizofuata: "Vilevile."

Wendy alisema maneno yale anayajua kwa moyo, na kwamba kila ulipochelewa alijiandaa kufokewa.

Nililia. Nilikaa kwenye ngazi za mwenyewe nikalia kwa sauti mpaka ng'ombe wakaja kwenye ua kuangalia, na katikati ya kulia nikashikwa na kicheko, kwa sababu ulinisema ukweli hata kwenye kadi ya bibi mmoja. Nimepata nafuu, dada yangu. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mzito kiasi kile mpaka ulipotuliwa. Ulinikasirikia, na haki ulikuwa nayo, lakini hukunifuta. Hilo tu ndilo nililotaka kujua, na nisingeambiwa na mtu yeyote ila wewe.

Baadaye Neema alivaa viatu vyako, vinamtosha, akapanda pale penye ufa mrefu. Rafiki zako wawili walikuwepo, wakamshikia kamba. Mimi nilisimama chini nikiomba kwa lugha tatu. Aliposhuka akasema ni zamu yangu. Nilifika kama kimo cha mlango, mguu ukaanza kutetemeka wenyewe, na nikagundua kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu uondoke, kwa hiyo nimesamehe mguu.

Tulipofika nyumbani nilimpigia Mama. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyemtia hofu ile kwa kuongeza chumvi. Akasema, "Sasa na wewe ulale." Nililala hadi saa tatu asubuhi, nikachelewa ibada, na hakuna aliyekufa.

Jambo moja la mwisho, kisha nikuache upumzike. Neema alipokuwa akijaza kadi yake alikuwa ameweka moja ya kwako kando, ananakili. Nikachungulia. Mtu wa kupigiwa ameandika Josphat, mjomba, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale karibu naye. Na chini kabisa ameandika sentensi zako zote tatu, hakuacha hata nukta.

Kwa hiyo nambari sibadilishi. Mwezi ujao Neema anatimiza kumi na minane, atakwenda bila mimi, na simu yangu itakuwa wazi mezani.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Kufoka nitafoka, hilo siwezi kukudanganya. Lakini nitakuja.

Kaka yako,
Josphat