Njia Niliyoifungua na Sikuifunga

Jumanne, Isiolo. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Leo namchukia mtu, na sitajifanya kwamba simchukii.

Anaitwa Kimathi. Ndiye anayesimamia kompyuta za ofisi yetu, na mimi ndiye mchoraji wa ramani za maji. Saa nne asubuhi niliitwa kwa meneja wetu, Madam Lucy, nikapewa barua ya kujieleza. Nimekiuka usalama wa mtandao wa shirika. Nijibu kufikia kesho saa sita mchana, ama nirudishe laptop na kitambulisho cha kazi.

Kimathi alikuwa ameketi pembeni, mikono kifuani.

Acha nianze pale mambo yalipoanzia. Jumatano ya wiki jana alinipigia Mama Darare, mwenyekiti wa kamati ya maji kule Korbesa. Tulisalimiana, salaam aleikum, akauliza habari ya mama yangu, kisha akanieleza kwamba mota ya kisima imeungua na shule imebakisha tangi moja. Nikaanza kumweleza kuhusu fomu na ramani. Akanikata.

"Kaltuma, mambo ya kompyuta ni yako. Niambie tu kama gari la maji linakuja."

Ombi la gari halipokelewi bila ramani mpya ya visima, na orodha ya wiki ilikuwa inafungwa Alhamisi saa kumi. Takwimu za visima zinakaa kwenye mashine ya makao makuu Nairobi. Kuifikia ni lazima upite kwenye VPN, ile njia ya siri ya ofisi. Sasa, Kimathi aliiweka hiyo VPN ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala plastiki, inayoishi kama programu ndani ya laptop yangu. Ya ndani inaona Nairobi. Laptop yenyewe haioni kitu. Na programu ya ramani ni nzito, haikubali kukaa ndani. Iko nje, kipofu.

Nimemwambia jambo hili tangu mwaka jana. Kila mara jibu ni kwamba huo ndio utaratibu.

Jumatano hiyo jioni nilimkuta akifunga mlango wa chumba chake, anakwenda likizo. Nikamweleza Korbesa yote, mota, shule, tangi. Alinisikiliza huku akitafuta ufunguo.

"Ramani itangoja mpaka Jumanne nikirudi," akasema.

Alhamisi asubuhi nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu aliikata.

Basi nikaifanya mwenyewe.

Niliipa kompyuta ya ndani kadi ya pili ya mtandao, inayoongea na laptop yangu peke yake. Nikairuhusu ipitishe mizigo ya wengine, yaani data isiyo yake. Kisha nikaiambia laptop kwamba chochote cha Nairobi kipitie kwa hiyo ya ndani. Haikufanya kazi. Maombi yalikwenda, majibu hayakurudi, na nilikaa saa mbili nikitukana skrini kwa Kiborana kabla sijaelewa: Nairobi haikuijua laptop yangu, kwa hiyo haikujua imjibu nani. Nikaiagiza kompyuta ya ndani iyapeleke maombi yangu kwa jina lake, kama yametoka kwake, na majibu yakifika inipe.

Saa nane na robo visima vikaanza kutokea kwenye ramani, kimoja kimoja, mpaka Merti yote, Korbesa ikiwemo. Nililia kidogo. Ombi liliingia kabla ya saa kumi.

Gari lilifika Korbesa Jumapili. Mama Darare hakupiga kunishukuru. Alipiga kuuliza la pili linakuja lini.

Sasa nije kwenye sehemu nisiyoipenda.

Sikuifunga ile njia. Ijumaa ilikuwa wazi, wikendi ilikuwa wazi. Nilibeba laptop nyumbani Kiwanjani, nikaiunganisha kwenye wifi ya ploti, ambayo nenosiri lake analijua kila mpangaji na kila mgeni wa mpangaji, nikafanya kazi nikiwa nimekunja miguu kitandani. Mlango wa ofisi nzima ulikuwa nyuma ya laptop moja.

Leo nimemwambia Madam Lucy kwamba nilisahau.

Uongo. Niliiacha ili Kimathi akirudi aikute. Nilitaka aione ikifanya kazi, kwenye laptop yangu, bila yeye. Na aliiona leo asubuhi, ndani ya nusu saa, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Madam Lucy si mtu wa kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Uliifungua kwa ajili ya Korbesa, hilo naelewa. Ijumaa ilikuwa ya nani?"

Kimathi akadakia kabla sijafungua kinywa. Alisema ningeweza kumpigia, simu yake ilikuwa wazi muda wote. Niliitoa simu yangu nikaiweka mezani, zile simu tatu nilizompigia zikionekana. Akazitazama, akasema akiwa likizo hapokei simu za ofisi. Sasa hiyo simu yake ilikuwa wazi kwa nani?

Nilirudi kwenye dawati langu nikaifunga njia, huku yeye amesimama nyuma yangu kuhakikisha. Nilisikia pumzi yake shingoni. Nilipomaliza, hakuondoka. Aliangalia mlangoni, akainama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini nilifanyaje majibu yakarudi. Yeye alijaribu mwaka jana, akasema, na yalikuwa yanapotea.

Kumbe. Mwaka mzima aliniambia ni utaratibu, na ukweli ni kwamba alishindwa.

Nilichukua mtandio wangu nikaenda kuswali adhuhuri, na nikiri hapa kwamba sikuomba lolote la heri juu yake.

Barua nimeianza mara nne. Katika ile ya nne nimeandika kwamba niliifungua kwa sababu na nikaiacha kwa kiburi, na kwamba neno "nilisahau" si la kweli. Nimeandika pia zile simu tatu na saa zake. Wakinifukuza, wanifukuze kwa nililolifanya.

Lakini visima havitaacha kuharibika eti kwa sababu mimi sipo. Hilo ndilo linalonikera kuliko barua. Siri hii nikiondoka nayo, atakayengoja maji si Kimathi.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote, kuanzia kadi ya pili mpaka jinsi ya kufunga ukimaliza. Kurasa mbili. Kesho nitazikabidhi mkononi mwa Madam Lucy.

Kimathi akizitaka, amwombe yeye. Kwa maandishi. Na aeleze ni za nini.