Sixbert na Kitufe cha Bi Mwahija

Consolata, rafiki yako Sixbert leo kaaibika mbele ya ushirika mzima wa ufuta!

Unajua miaka kumi anavyowafokea viongozi kwamba wanakata majina ya wanachama. Leo mgombea uenyekiti ni yeye, na fundi wa programu ya kura ni yeye huyohuyo.

Kabla ya kupiga kura, kila mtu anabonyeza kwanza jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Upana wa vitufe Sixbert kaupata kwa kuhesabu herufi, kila moja pikseli nane, vile vidoti vya kioo. Kajaribu "Ali Issa", herufi nyingi nyembamba, likaenea ndani ya kitufe. Akajisifu!

Kaja Bi Mwahija Mwinyimkuu. Herufi zake nene, jina limekatika. Na Mwahija Mwinyimvua naye yupo! Vitufe viwili, vyote "Mwahija Mwinyim".

"Wewe Sixbert! Leo umenikata wewe?"

UMENIKATA WEWE. Ukumbi mzima ukaitikia: "Mwizi!"

Sixbert akaketi kwenye kompyuta, akaiamuru programu ipime kwanza upana wa kila jina lenyewe, ndipo ichore kitufe. Jina likatokea zima.

Bibi akapiga kura yake, akamgeukia.

"Sasa nimejiona vizuri, mwanangu. Nimempa mpinzani wako."